Bluu Niliichagua Mimi: Taa za Ndani ya Gari na Macho ya Dereva Usiku

Tulikuwa tumeshaipita Kibaigwa, tunaitafuta Mbande, saa tatu na nusu usiku. Tumetoka Morogoro kwenye msiba wa baba wa mwenzetu, watu sita ndani ya Noah ya mjomba wangu, wa nyuma wote wamelala, mimi nimekaa mbele. Mjomba hakuwa anakimbia. Spidi ilikuwa kati ya 70 na 80. Lori lilikuwa limetoka kupishana nasi na yeye alikuwa bado hajarudisha fulu. Ghafla nikasikia kitu kama ngumi kubwa upande wangu. Kioo cha pembeni kikakunjika na kupasuka, mjomba akavuta usukani kulia, gari likayumba, halafu likasimama mbele huko.

Alikuwa mzee anakokota baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa. Gunia la juu ndilo lililogusana na kioo chetu. Tulimkuta amekaa kando ya lami, mkono umechubuka, mkaa umetawanyika mpaka kwenye nyasi. Mjomba alimpa shikamoo mara mbili, maana ya kwanza ilitoka huku anatetemeka haikusikika. Yule mzee hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Taa zenu zinawaka vizuri, sasa mlikuwa hamnioni?"

Kweli hatukumwona. Na sisemi kwamba tulimwona tukachelewa. Pale pembeni mwa barabara alipokuwa yeye, macho yangu yalikuwa yanaona mstari wa bluu uliokolea, na mstari huo haukuwa barabarani, ulikuwa ndani ya gari letu. Wiki mbili kabla ya safari ile mjomba alikuwa amefunga taa za rangi ndani ya Noah: utepe mmoja juu ya dashibodi kutoka mlango hadi mlango, mwingine kwenye milango, mwingine chini ya viti. Fundi alimuuliza rangi gani, mjomba akanipigia simu, "Mwalimu, nyinyi vijana mnapenda rangi gani?" Nikamjibu bluu. Sikufikiri hata sekunde tano.

Mjomba huniita mwalimu kwa sababu nasoma ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Fizikia na Baiolojia. Yaani jicho nimelichora ubaoni kuliko kitu kingine chochote. Retina, mboni, lenzi, vyote navijua kwa majina. Ndiyo maana swali la yule mzee lilinikaa kooni, na ndiyo maana naandika hapa. Wenzangu wengi hapa chuoni tunapanda magari haya usiku, wengine wetu tayari tunaendesha ya wazazi, na wapo ambao bumu likitoka wanawanunulia kaka zao utepe wa taa kama zawadi. Taa zenyewe nazipenda bado. Ila kuna mambo tunapaswa kuyajua kabla hatujamwambia fundi "weka bluu".

Nianze na kitu ambacho kila mtu wa hosteli amewahi kukiona. Umelala kitanda cha juu, chandarua kimeshuka, umeme umekatika. Ukiwasha tochi ya simu ukiwa ndani ya chandarua, unaona nini? Unaona chandarua. Chumba chote nje yake kinapotea, hata mtu akisimama mlangoni humwoni. Zima tochi, subiri kidogo, chandarua kinapotea na chumba kinarudi. Chandarua hakijabadilika wala mlango haujahama. Kilichobadilika ni upande uliko mwanga.

Kioo cha mbele cha gari ni chandarua hicho hicho. Watu hudhani kioo kinapitisha mwanga wote, kumbe hata kioo safi kabisa kinarudisha sehemu yake. Mwanga ukikipiga ukiwa umenyooka, kila uso wa kioo hurudisha kama asilimia 4, na kwa kuwa kioo kina nyuso mbili, ya ndani na ya nje, inakuwa kama 8 kwa jumla. Kioo cha gari hakijasimama wima, kimelala, na mwanga unaokipiga kwa mshazari hurudi zaidi ya hapo. Kwa hiyo utepe uliobandikwa juu ya dashibodi unachora pacha wake kwenye kioo, na pacha huyo anaelea mbele ya macho ya dereva, hasa sehemu ya chini, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo sehemu anayopitia mtembea kwa miguu.

Mchana pacha yupo vilevile lakini humwoni, kwa sababu nje kuna mwanga mwingi mno. Usiku hesabu inageuka. Mtu aliyevaa nguo nyeusi anarudisha mwanga kidogo sana kwa dereva, na lami nyuma yake nayo ni nyeusi. Jicho linamtambua kwa tofauti ndogo iliyopo kati ya weusi wake na weusi wa lami. Sasa ongeza mwanga huo wa kwenye kioo juu ya vyote viwili. Mtu anakuwa mweusi pamoja na bluu, lami inakuwa nyeusi pamoja na bluu, na ile tofauti ndogo inamezwa. Dereva hatakwambia "sioni vizuri", kwa sababu yeye anaona taa, anaona mistari ya barabara, anaona namba za gari la mbele. Vitu vinavyong'aa vinabaki. Vinavyopotea ni vile vyeusi, na huwezi kujua umepoteza kitu ambacho hukukiona tangu mwanzo.

Hapo bado hatujagusa rangi. Nimeanza na kioo makusudi, maana ukisikiliza mafundi na vijana wa vijiweni, ubishi wote ni wa rangi: nyekundu ni ya rubani, bluu inaleta usingizi, kijani inatuliza. Nikiulizwa mimi, rangi ni jambo la tatu. La kwanza ni mahali taa ilipo, la pili ni ukali wake. Taa ya rangi nzuri kuliko zote ikikaa juu ya dashibodi bado ni tochi ndani ya chandarua.

Haya, rangi. Retina ina aina mbili za seli za kuonea. Koni, kama milioni 6 katika kila jicho, zinaona rangi na maandishi, lakini zinahitaji mwanga wa kutosha. Fimbo ni nyingi mno, hutajwa kuwa karibu milioni 120, hazijui rangi, ila zinafanya kazi kwenye giza. Katikati kabisa ya retina, pale unapoelekeza jicho ukitaka kuona kitu sawasawa, fimbo hazipo. Zimejaa pembeni. Ndiyo sababu nyota hafifu ukiitazama moja kwa moja inapotea, ukitazama kando kidogo inarudi. Mzee wa baiskeli huwa kando. Wa kumgundua kwanza ni fimbo, koni zinafuata kuthibitisha.

Fimbo zinatumia kemikali inayoitwa rodopsini, ambayo mwili unaitengeneza kwa kutumia vitamini A. Mwanga ukiipiga inavunjika. Giza likiingia inajengwa upya, lakini polepole: koni zinazoea giza kwa dakika kama 10, fimbo zinahitaji dakika 20 hadi 30, hata zaidi. Kuivunja ni kitendo cha muda mfupi sana. Ndiyo hasara ya kuwasha taa ya juu kutafuta chenji ukiwa safarini: umetumia sekunde tano, unalipa kwa dakika nyingi.

Fimbo hazijali rangi zote sawasawa. Zinaitikia sana mwanga wa urefu wa mawimbi kama nanomita 507, yaani kijani kinachoelekea bluu. Koni kwa ujumla wake kilele chao ni 555, kijani kinachoelekea njano. Nyekundu ya nanomita 640 na kuendelea, fimbo karibu haziioni kabisa. Unaweza kulithibitisha leo jioni bila kifaa chochote. Tafuta kanga nyekundu imeanikwa karibu na mti. Saa kumi na mbili, jua bado lipo, nyekundu inawaka kuliko majani. Subiri giza liingie taratibu: kanga inakuwa nyeusi kabla ya majani. Mtu aliyeandika juu ya jambo hili ni Purkinje, mwanasayansi wa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, aliyelisoma kwenye maua mwaka 1819, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake.

Kutokana na hapo ndipo ilipotoka hadithi ya nyekundu. Marubani na mabaharia wa vita vya pili vya dunia walikaa kwenye mwanga mwekundu ili koni zisome vipimo huku fimbo zikiendelea kuzoea giza. Watengenezaji wa magari nao walichukua wazo hilo. BMW kwa miaka mingi vipimo vyake vya dashibodi vilikuwa na rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu. Saab waliweka kitufe cha usiku ambacho ukikibonyeza dashibodi yote inazima inabaki spidi tu, na kipimo kingine kinawaka pale penye tatizo. Mimi hicho cha Saab nakiona ni akili kubwa kuliko rangi zote. Volkswagen wao mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuja na dashibodi za bluu zenye mishale myekundu, baadaye wakahamia nyeupe.

Lakini nyekundu nayo isitukuzwe kupita kiasi. Rubani wa vita alikuwa anaruka gizani kweli. Dereva wa barabara ya Dodoma ana taa zake mwenyewe mbele, ana taa za wanaopishana naye, kwa hiyo macho yake hayafiki kwenye giza kamili; yako katikati, koni na fimbo zinafanya kazi pamoja. Faida ya nyekundu hapo inapungua. Halafu nyekundu ina usumbufu wake. Chochote kilichoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye karatasi nyeupe kinapotea chini ya mwanga mwekundu, marubani wenyewe walilalamikia ramani zao. Na dashibodi inakuonya kwa taa nyekundu: oili, betri, breki. Ukiishi ndani ya wekundu, onyo linapata kazi ya kujitokeza.

Bluu ndiyo yenye kesi nzito. Kwanza, taa za bluu za dukani huwa karibu na nanomita 465 hadi 470, kwa hiyo fimbo zinazipokea kwa nguvu ingawa koni zinakwambia "mbona hafifu tu". Unaiongeza ing'ae kidogo, fimbo zinapigwa zaidi. Pili, mwanga wa mawimbi mafupi unatawanyika zaidi ukiwa ndani ya jicho, na lenzi inaukutanisha mbele kidogo ya retina badala ya juu yake. Ndiyo maana bango la bluu usiku linaonekana lina ukungu pembezoni hata kama macho yako ni mazima. Tatu, retina ina seli nyingine chache zisizohusika na kuona picha, zinazoitikia mwanga wa karibu nanomita 480 na kuuambia ubongo kwamba ni mchana, homoni ya usingizi ipunguzwe. Hapo kuna watu watasema, si ndiyo vizuri, dereva asisinzie! Mjomba aliniambia hivyo hivyo. Jibu langu lilikuwa kwamba dereva mwenye usingizi anahitaji kulala. Akikaa macho huku hamwoni mtu wa mbele, bado hatujamsaidia mtu.

Kuna jambo la umri ambalo sisi tunaochagua rangi hatulioni. Mimi nina miaka 22, mboni zangu gizani zinafunguka sana na lenzi yangu haina rangi. Mjomba ana 54. Mboni ya mtu wa umri wake haifunguki kama yangu, na lenzi yake imeanza kuwa na manjano na kutawanya mwanga. Taa ambayo kwangu ni urembo, kwake ni ukungu. Kijana anachagua, mzee anaendesha.

Na sasa hesabu ya umbali, maana hii ndiyo iliyonikosesha usingizi mwenyewe. Kwa spidi ya 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukimpa dereva sekunde moja na nusu ya kugundua na kukanyaga breki, gari limeshakula mita 33. Breki zenyewe kwenye lami kavu zinahitaji kama mita 36 nyingine. Jumla inakaribia 70. Taa ya chini, ile ya kupishana, mtu wa nguo nyeusi inakuonyesha kwenye mita 50 hivi, mara nyingi pungufu. Maana yake hata gari lisilo na urembo wowote, kwa spidi ile, halina akiba. Kwa 60 jumla inashuka hadi kama 45. Kwa hiyo siwezi kusema utepe peke yake ndio uliomgonga mzee. Lori lilitumulika, yeye hakuwa na kiakisi mwanga, sisi tulikuwa na spidi kubwa kuliko taa zetu. Bluu ilikula mita ambazo tayari hazikuwepo.

Wiki iliyofuata mimi na mjomba tulifanya kituko kimoja. Tulipeleka Noah kwenye uwanja wa mpira wa mtaani kwake, usiku, taa za chini zimewashwa. Yeye akakaa kwenye usukani, mimi nikavaa sweta jeusi nikaanza kutembea kuja kwenye gari kutoka kwenye giza, tukirudia kwa kubadili rangi kwa rimoti. Akiniona tu apige honi. (Majirani walitusamehe, baadhi yao.) Siuiti utafiti. Alijua nitatokea upande gani, na mtu mmoja si sampuli, mwalimu wangu wa mbinu za utafiti angenitoa darasani. Ila tulichoona kilitutosha sisi wawili. Taa za ndani zikiwa zimezimwa aliniona mbali kuliko mara zote. Kwa bluu ya juu ya dashibodi ikiwa kali, honi ilichelewa mpaka nikadhani amesinzia. Rangi ya chungwa pale pale juu ya dashibodi ilikuwa afadhali kidogo tu. Kisha tukafunika utepe wa juu kwa kitambaa cheusi, tukabakiza wa chini miguuni, tukapunguza mwanga mpaka karibu na mwisho. Hapo hata ikiwa bluu, honi ililia karibu sana na pale ilipolia taa zikiwa zimezimwa. Mjomba akashuka, akaangalia utepe, akasema, "Kumbe umekaa vibaya tu."

Swali ambalo ni la haki: kwa nini basi usizime vyote, yaishe? Nilimwambia mjomba hivyo. Binamu yangu, ambaye yuko mwaka wa kwanza, ndiye aliyenikatalia. Alisema yeye akiita gari saa nne usiku kutoka mjini, haingii kwenye gari lenye giza ndani. Anataka kuona sura ya dereva, aone kama kuna mtu kiti cha nyuma, aone mlango unafunguliwa wapi. Sikuwa na la kujibu, kwa sababu na mimi nafanya hivyo hivyo. Kuna pia kufunga mkanda, kuokota simu iliyoanguka, mtoto anayelia akiwa hajui mama yuko wapi. Mwanga kidogo kwa abiria una kazi ya kweli. Tatizo ni kwamba anayeuhitaji amekaa nyuma na anayeumizwa nao amekaa mbele.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Utepe wa juu ya dashibodi uling'olewa, na gundi yake tukaisugua mpaka kucha zikauma. Wa kwenye milango nao ukatoka, kwa sababu unajichora kwenye vioo vya pembeni pale pale dereva anapotazamia saitimira. Ukabaki wa chini ya dashibodi, umesukumwa ndani kiasi kwamba ukikaa kwenye kiti huoni taa yenyewe, unaona sakafu imepata rangi. Hicho ndicho kipimo changu sasa: nikikaa kwenye kiti cha dereva nikaweza kuhesabu balbu, imekaa vibaya. Mwingine uko chini ya viti vya nyuma ukimulika miguu, una swichi yake ambayo abiria anaifikia. Rangi ni ya chungwa, ile ya taa za kuonyesha kona, ambayo iko karibu na nanomita 590. Nyeupe ya joto, ile inayoandikwa 2700K au 3000K kwenye boksi, nayo ingefaa na inaonyesha sura ya mtu vizuri zaidi. Ile nyeupe kali ya 6000K ina bluu nyingi ndani yake hata kama macho yanaiita nyeupe.

Ukali tuliuweka hivi: mjomba alikaa gizani dakika kumi, kisha akaongeza mwanga taratibu mpaka pale alipoanza kuona miguu yake, akarudi nyuma kidogo. Ukiupima ukiwa umetoka tu kwenye chumba chenye taa, utaweka mkali mno. Na zile programu za kubadilika rangi, kufuata muziki, kuwaka na kuzima, hapana. Pembe za macho kazi yake kubwa ni kugundua kitu kinachosogea. Ukiweka disko sakafuni, unazipa pembe hizo kazi ya bure usiku kucha, siku mtu anasogea kweli zimeshachoka kukwambia.

Waya ni hadithi yake. Fundi wa kwanza alikuwa ameunga utepe moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, waya umepita chini ya reli ya kiti. Kila kiti kikisogezwa, reli inasaga plastiki ya waya. Siku shaba ingegusa bati, waya wote ungekuwa jiko. Hesabu yake si ngumu. Utepe wa kawaida wenye balbu 60 kubwa kwa mita unakula kama wati 14 kwa mita. Mita mbili ni kama wati 29, gawanya kwa volti 12, unapata ampea 2.4. Fyuzi ya ampea 3, iwekwe karibu na pale umeme unapochukuliwa, inatosha. Na uchukuliwe kwenye taa ndogo za gari, siyo kwenye betri, ili taa za ndani ziwake pamoja na taa za nje na zizime pamoja nazo. Ukisahau utepe huo ukiwaka saa kumi, umekunywa zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 45, na asubuhi wanafunzi wanakuja kusukuma. Fundi asipitishe kitu juu ya vifuniko vyenye mfuko wa hewa wa ajali, wala asiunge kwenye waya zake.

Bluu au nyekundu inayoonekana kutoka nje kupitia kioo cha mbele ina matatizo mengine tena. Madereva wamezoea kuziona rangi hizo kwenye gari la wagonjwa na la polisi. Wanaokuja mbele yako watasita, na trafiki atakuwa na maswali.

Vitu vilivyotusaidia kuliko utepe wenyewe havikuwa na gharama. Kioo cha mbele kwa ndani kilikuwa na vumbi la Dodoma la miezi, kila punje inatawanya mwanga wa lori kama nyota ndogo. Tulikifuta kwa gazeti na maji. Boksi jeupe la tishu juu ya dashibodi likahamia kwenye mlango, maana nalo lilikuwa na pacha kwenye kioo. Ile dawa ya kung'arishia dashibodi mjomba ameacha kuipaka. Simu yake ya ramani, ambayo ikiwa nyeupe inamulika kuliko utepe wowote, tuliiweka kwenye hali ya usiku na kuishusha chini ya mstari wa kioo. Nadhani simu ndiyo taa ya ndani inayopaswa kuogopwa zaidi kwenye magari ya mjini, ila hakuna anayeiita taa.

Mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990, kwa hiyo wengi wetu sasa tunakwenda nyumbani likizo kwa basi la usiku. Nikipanda sasa natazama kwanza kichwani kwa dereva. Basi moja nililopanda lilikuwa na utepe wa zambarau umezunguka kioo chote cha mbele. Nilimfuata kondakta, nikampa shikamoo, nikamwomba wauzime tukitoka mjini. Aliniangalia kama nimetoka sayari nyingine, akaenda kumnong'oneza dereva. Ukazimwa. Dereva akaniita mbele, akasema, "Binti, hata mimi linanisumbua. Ni bosi ndiye kaliweka."

Yule mzee wa mkaa tulimlipa magunia yake, na mjomba akamnunulia viakisi viwili, kimoja cha baiskeli na fulana ya manjano. Tulipopita tena mwezi wa nne hatukumkuta, ila kuna baiskeli tuliiona mbali mno, ikimeta nyuma, na mjomba akapunguza spidi mapema bila kusema kitu.

Utepe wa bluu nilirudi nao hosteli, umefungwa kwenye kitanda changu kwa adapta ya volti 12. Mwenzangu wa chumbani ameshaniambia nikiuwasha baada ya saa nne anarudisha kwa mjomba vyote viwili, mimi na utepe wangu.